Neno la Kompyuta Lililosomwa Mkutanoni

Mama yangu alikuwa karani wa chama cha kahawa huko kwetu, juu ya mji mdogo wa Kiriaini. Hakuwa na mume wala shamba la maana. Alikuwa na kazi ile na jina safi, basi. Miaka ya tisini chama kikanunua kompyuta, akapelekwa Nyeri mjini kufundishwa. Kilo za kila mkulima zikaingizwa humo, na mashine ikafungwa kwa neno la siri ambalo yeye pekee alilijua.

Wakulima wetu walikuwa wameibiwa na kila kamati, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwenye mkutano mkuu mzee mmoja akasimama, kofia mkononi. "Ati yeye peke yake ndiye anajua? Kahawa ni yetu, kompyuta ni yetu, halafu hiyo neno iko kwa kichwa ya mtu mmoja? Hapana!" Watu wakapiga makofi. Mama akawaambia mlango ambao kila mtu ana ufunguo wake haujafungwa. Wakamzomea. Mwenyekiti, kwa kuogopa kura, akamwamuru alisome. Akalisoma. Umati mzima ukalirudia kwa sauti, kama watoto wa nasari, ili wasiojua kuandika nao walishike. Kisha tukafunga kwa maombi. Jamani! Mpaka leo nikikumbuka nachemka.

Kabla ya malipo ya msimu ule, kilo za watu wengi zilipungua ndani ya kompyuta, na za wachache zikanenepa. Risiti zao za karatasi wengi walikuwa wamewashia moto, maana waliambiwa kompyuta haisahau. Nani alifanya? Ofisi haikukosa watu kutwa, na mashine haikujali nani anaigusa, mradi alijue lile neno. Hawakumtafuta mwizi. Walimshika aliyekaa karibu nayo.

"Si mlilisema wote?" Mama aliwauliza mkutano ulipoitishwa tena.

"Mama, wacha maneno mingi," akajibu mzee yule yule. "Sisi hatujui kompyuta. Wewe ndiye unajua." Mama akafutwa kazi siku hiyo hiyo.

Sikulia, nilikuwa na hasira mno. Nililia Jumapili. Kanisani tulikaa benchi letu la siku zote. Jirani yetu, mwanamke aliyezoea kunywa chai jikoni kwetu, akauchukua mkoba wake uliokuwa kati yake na Mama, akauweka upande wa pili. Mama aliona. Akafungua kitabu cha nyimbo, akaimba hadi mwisho.