Mtu Mzima Akue Aende Wapi

Kwenye karakana ya ushonaji walimwita Mama Mto, kwa kuwa akiketi kidogo tu kichwa kinatafuta pa kulala. Jina alibandikwa na wifi yake mwenyewe, msimamizi wa mafundi, mwanamke mwenye ulimi unaokata bila mkasi.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa kola, na kola zake hazikuwa na mfano. Kisha akajifungua kitinda mimba, damu ikamtoka mpaka wakunga wakaanza kunong'onezana. Akapona, mtoto akapona, watu wakasema ashukuru, wakaondoka na pole zao. Nguvu hazikurudi. Tumbo likajaa, mikono ikalegea, ngazi za karakana zikawa mlima.

"Umenawiri, wifi," msimamizi alimwambia mbele za watu. "Kaka yangu anakulisha, wewe unasinzia."

Unene ndio uliomponza. Watu wanajua mgonjwa hukonda, anayenenepa anadeka. Na mashati ya sare za shule hupita meza kwa meza, huyu anatia mikono, yule mifuko, yakimfikia aliyechoka yanarundikana. Rundo la mezani kwake lilimsengenya kutwa bila mtu kufungua kinywa. Malipo yalikuwa kwa shati, kwa hiyo nyumbani nako sufuria likaanza kusengenya.

Miaka ikapita akiambiwa apunguze mafuta na aongeze sala. Hatimaye daktari mmoja akauliza kilichopaswa kuulizwa mapema: "Ulipojifungua, ulitokwa na damu nyingi?" Vipimo vikaonyesha kwamba tezi ndogo chini ya ubongo, inayotoa homoni za mwili, ilikosa damu siku ile, ikafa. Vidonge vya homoni nyingine bima ililipa. Homoni ya ukuaji ni sindano, na dirishani kwa bima karani akacheka.

"Mama, hii ya watoto wafupi. Unataka kurefuka?"

"Daktari kasema na mtu mzima anaihitaji. Misuli, mifupa, moyo."

"Mtu mzima akue aende wapi?"

Akarudi kazini mikono mitupu. Wifi hakusubiri hata aketi. "Mwezi ukiisha na rundo lipo, kola nampa mwingine. Undugu tuuache mlangoni."

Bila sindano rundo angelipunguza vipi? Lakini hasira nayo ina nguvu zake. Akainuka, akalibeba jora la kitambaa ambalo siku zote huachiwa wanaume, awaonyeshe. Kifundo cha mkono kikalia kama kijiti kikavu.

Mfupa umevunjika, akafungwa plasta ngumu. Hapo ndipo huruma ilipofumbuka macho! Karakana nzima ikachanga, na wifi akaja nyumbani na kapu la matunda.

"Kiti chako kipo, wifi yangu. Pona kwanza."

"Miaka yote hii naumwa, hukuniona. Leo umeona plasta."

Wifi akatoa chungwa kapuni, akaanza kummenyea.

Kesho yake mama huyo alikuwa dirishani kwa bima. Akaitua plasta mezani, karani akaruka.

"Hii mnalipia?"

"Yote, mama. Pole sana."

"Na mfupa wa pili ukivunjika?"

"Nao tunalipia."

"Na nyonga?"

"Na nyonga."

"Sindano ya kuizuia isivunjike, hamlipi."

Karani akaanza kupanga fomu zake.

"Basi niitie mkubwa wako, mwanangu, la sivyo nitawaletea mfupa mmoja mmoja."

Akavuta kiti, akaketi palepale. Foleni ikarundikana nyuma yake kama mashati, na safari hii hakuwa na haraka.