Maharage Yaliyolazwa Kitandani

Niwieni radhi, wenzangu, tokea mchana mnaniuliza mniletee nini na mie sijajibu. Nilikuwa namtuliza mama mkwe.

Nshaapa kupunguza mkaa, nisizidi kuichoma dunia kwa moshi wangu. Yeye hataki: "Maharage bila moto hayaivi, mwanangu atakufa njaa!"

Leo nikayachemsha kidogo, nikaifunga sufuria kwa blanketi la mtoto, nikailaza kitandani maharage yamalizie kuiva kwa joto lake.

Mama mkwe kaja kumbusu mjukuu. Kapapasa blanketi.

"Yarabi, mtoto anaungua homa! Na mbona mzito?"

Mtoto nnaye mgongoni, anacheka!

Akafunua. Akaonja: yameiva laini!

Kisha kaondoka na sufuria kwake Jang'ombe, na blanketi lile lile.

Basi nileteeni: sufuria yenye mfuniko, blanketi kuukuu, na maharage kilo moja. Mwanawe yuko njiani, anarudi na njaa.