Msizime Kabla ya Majina

Kwa miaka kadhaa mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa wauaji katika mtaa wetu. Kila Jumamosi mchana, umeme ukikubali, sebule yetu hapa Tshopo, mjini Kisangani, ilijaa akina mama wa jirani, nami nilikaa karibu na televisheni nikiwatafsiria Kifaransa cha zile tamthilia zinazotokana na visa vya kweli: mwanamume fulani wa nchi za baridi, mpole, anayewapungia majirani mkono, kumbe chini ya nyumba yake kuna makaburi. Bwawa la umeme tunaishi nalo jirani, na bado umeme wenyewe huja unapojisikia. Kwa hiyo hatukupoteza hata dakika.

Nilikuwa hodari, na nilitia chumvi. Muuaji akinyamaza, mimi nilisema anachowaza. Niliwajua wote: yupi alipigwa na baba yake, yupi alifuga mbwa, yupi hakulala bila kunywa maziwa. Jirani mmoja, muuza samaki wa kukausha, alikuwa akishika kifua na kuniambia, "We mama, unabajua hawa batu kama vile balikuchumbia!" Tukacheka wote. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na mume wangu alilalamika kwamba mtoto atazaliwa akiogopa kila jirani mpole.

Mwaka huo mama mdogo, ndugu yake mama yangu, alihamia kwetu kutoka Yanonge na mfuko mmoja wa nguo. Miaka miwili kabla ya hapo, binti yake wa pekee alikuwa amepanda mashua ya mbao yenye mashine kuja Kisangani na mikungu ya ndizi. Mashua ikapinduka. Watu waliokotwa huku na huku, lakini yeye mto haukumrudisha. Ukoo wa baba yake ukasema hakuna matanga bila maiti, tungoje, huenda aliokolewa mahali. Tukangoja mwaka, tukangoja wa pili. Katika kungoja huko hakuna aliyethubutu kutaja jina lake. Ukilitaja kama la mtu aliye hai unadanganya, ukilitaja kama la marehemu umemuua wewe. Mama mdogo mwenyewe alisema "ule mutoto" tu, na kikwembe cha binti, kile kitenge pekee kilichobaki, alikikunja na kukikunjua.

Alikuwa anakonda mbele ya macho yetu. Mama yangu aliniita pembeni akaniambia, "Kama dada yangu hamulii ule mutoto, atamufwata." Nilijua hatanii.

Jumamosi ya kwanza mama mdogo alikaa mlangoni na beseni la pondu, akichambua majani ya muhogo, mgongo ametupa sisi. Nilifurahi kwamba angalau yuko na watu. Kwenye kioo msichana wa pili alikuwa ameshauawa, nami nikaanza kueleza jinsi yule bwana anavyofunga kamba zake. Sauti ikatoka mlangoni.

"Mama yake iko wapi?"

"Mama ya nani, mama mudogo?"

"Ya ule mutoto balimuua sasa hivi."

"Haiko mu filme."

"Na matanga yake, balifanyia wapi?"

Wenzangu wakacheka, nikaendelea na kamba zangu. Lakini kwa msichana wa tatu aliuliza tena, na kwa wa nne, na Jumamosi iliyofuata vilevile, kila mara pale pale utamu ulipokolea. Mimi si mtu wa subira. Jumamosi ya tatu nililipuka.

"Bon, mama mudogo! Hii iko filme ya muuaji, haiko ya matanga! Ukitaka matanga, uende ku matanga!"

Ulimi hauna mfupa. Nilijua nimesema nini kabla sijafunga mdomo. Mama mdogo akabeba beseni lake, akatoka kwenda jikoni uani. Muuza samaki akaniangalia kama anavyoangalia samaki aliyeoza.

Nilimfuata baadaye kumwomba msamaha. Alikuwa anatwanga pondu, na hakuacha kutwanga.

"Wakati mashua ilizama," akasema, "radio ilitaja jina ya mwenye mashua juma muzima. Alikimbilia wapi, alivaa nini, bibi yake ya pili anakaa wapi. Hata leo Yanonge muzima banajua jina yake. Na mutoto yangu? Balisema bapasaje, batu balipanda mashua. Njo vile tu. Bapasaje." Mchi ukasimama. "Na weye unafanya vile vile na ile televizyo yako."

Usiku ule sikuwa na hamu hata ya kula. Nilijaribu kukumbuka jina la msichana mmoja tu kati ya wote niliowatafsiria vifo vyao, na sikupata hata moja. Jina la mbwa wa muuaji nililijua. Niliona aibu, ile ya kuchoma masikio.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa sehemu ya mwisho. Nilimbembeleza mama mdogo aje, akaja, akakaa mlangoni na mgongo wake ule ule. Nilitafsiri bila kuongeza kitu, mpaka muuza samaki akanung'unika, "Leo haina chumvi." Muuaji akahukumiwa. Kioo kikawa cheusi, maandishi yakaanza kupanda. Hapo siku zote nilichomoa flashi yenye tamthilia ili tuanze nyingine kabla umeme haujatukimbia, na mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikaurudisha.

Zikaja picha. Hazikuwa za waigizaji, zilikuwa za wasichana wenyewe: mmoja ana pengo na anacheka, mwingine ameshika keki. Chini ya kila picha, jina na umri. Nikaanza kusoma kwa sauti. Yalikuwa majina magumu, ulimi ulijikwaa, lakini nilisoma.

Baada ya jina la kwanza muuza samaki akateremka kitini, akakaa mkekani. Kwetu mwanamke hakai kitini mbele ya msiba, anakaa chini na wenye kufiwa. Hakuna aliyemwambia, miguu yake tu ilijua. Akateremka mwingine. Akateremka jirani yetu Mwislamu, akisema taratibu maneno ya kwao ya kuwarudisha wafu kwa Mungu. Akateremka mama yangu na goti lake bovu. Nami nikateremka na tumbo langu. Nilipomaliza jina la mwisho, viti vyote vilikuwa vitupu.

Mama mdogo alikuwa amegeuka. Alituangalia tulivyokaa, mmoja mmoja. Kisha akalitaja. Alitaja jina la binti yake kamili, pamoja na lile alilorithi kwa bibi yake, kwa sauti ndogo ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kunywa maji.

"Soma tena," akaniambia. "Yote. Na yake utie."

Kioo hakikuwa na kitu tena. Nikasoma yale niliyoyakumbuka, na mwishoni nikatia la kwake, na sauti zikapanda. Tulilia kilio cha miaka miwili. Umeme ukakatika katikati yake na hakuna aliyeinua kichwa.

Kesho yake mama yangu alikwenda kwa ukoo wa baba wa binti. Aliwaambia wanawake wameshakaa chini, na wao wazee wanajua kwamba waliokaa chini hawainuki hivi hivi, lazima matanga yafanywe na yaondolewe. Walinguruma, wakauliza nani aliwaruhusu. Lakini hiyo ni desturi yao pia, haikuwa na mlango wa kutokea. Matanga yakafanyika Yanonge, kando ya mto, picha ikiwa mahali pa maiti. Siku ya kuyaondoa, mama mdogo alikula sahani nzima ya samaki, akaomba nyingine. Mama yangu alikwenda kulia nyuma ya nyumba kwa furaha ya ile sahani ya pili.

Bado tunaangalia tamthilia zetu, sitadanganya kwamba tumeokoka. Ila hakuna anayegusa flashi kabla ya majina, na zile zisizoonyesha majina mwishoni, muuza samaki anazitukana kabisa.

Nikajifungua msichana. Kwetu mtoto hapewi jina la mtu ambaye hajaliliwa, lakini huyu sasa alikuwa ameliliwa. Nilimwendea mama mdogo na mtoto mikononi, nikamwomba lile jina. Alimpokea, akamfunika vizuri. Halafu akasema, "Twaa. Lakini uliite kwa nguvu."

Mwenye kuliita kwa nguvu ni yeye. Mtoto ana miaka mitatu, ana miguu, na ana hila. Leo asubuhi alimwaga mafuta ya mawese kwenye unga, akakimbilia barabarani. Jina ambalo nyumba nzima tuliogopa hata kulinong'ona, mama mdogo ameliita mara sita kabla ya chai, na mara zote sita amekasirika.