Zuhura Alipofundishwa Kuchomelea

Juzi, mjini Faza, nilimwona msichana akichomelea geti, na wivu wa zamani ukanirudia. Baba alikuwa mwalimu. Kuchomelea alijifunza kwa kupenda tu, uani kwetu. Alasiri moja alimvika dada yangu Zuhura barakoa yake, akamshika mkono. Cheche ziliruka, harufu ya chuma kilichoungua ikajaa ua.

“Wewe usitazame, mwanangu,” aliniambia.

Nilidhani wananificha siri yao. Sikujua mwanga ule huunguza macho, nikachungulia mlangoni mpaka walipomaliza. Kufika magharibi macho yaliniwasha kama yametiwa mchanga. Baba alinipakata, akanikanda kwa kitambaa cha maji baridi, wala hakunigombeza. Zuhura alisimama kando peke yake, akitutazama.

Nilifurahi kuliko nilivyoumwa.