Ngamia wa Ayeeyo

Nikifungua kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, ile harufu inanirudisha darasa la sita, hapa Garissa, siku niliyomrushia mwenzangu dasta ya ubao. Ngoja niwaambie kwanza, ndiyo mnihukumu.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa ng'ambo ya Tana, yaani "Kenya" kama tunavyosema sisi, alitaka kila mtu alete shairi la nyumbani alichambue mbele ya darasa. Wengine walinakili tu vitabuni. Mimi nilikuwa na ayeeyo, nyanya yangu, aliyekuja kwetu kutoka Sangailu wakati hooyo, mama yangu, alipozaa mtoto, na mtoto akafa siku hiyo hiyo. Hooyo alikuwa amegoma kula, amegoma kuongea.

Kila asubuhi ayeeyo akifukiza vibuyu aliimba wimbo wa ngamia aliyefiwa na ndama, akafunga maziwa. Kule malishoni ngamia kama huyo huletewa ngozi ya ndama wake ainuse, anaimbiwa polepole mpaka maziwa yashuke. Kwa Kisomali kila mstari ulianza na sauti moja, d, d, d, kama mchi kwenye kinu. Nikautafsiri wote.

"Ukirudi uniambie wamesema nini," ayeeyo akaniambia. "Usinifiche, wallahi."

Nikasoma mbele ya darasa. Mwalimu akauliza, "Maudhui ni nini?"

"Maziwa."

Darasa zima likacheka. Abdi, tuliyekaa naye dawati moja, akapiga kelele, "Mwalimu, tulete vikombe?" Hapo ndipo dasta iliporuka. "Ayeeyo wangu si wa kuchekwa na wewe, kichwa kama jerikeni!"

Nilimalizia somo nje, kwenye jua. Daftari lilirudi limeandikwa kwa wino mwekundu: Tashihisi ipo. Vina hakuna. Nne kwa kumi. Ile d, d, d yote ilikuwa imebaki kwa Kisomali.

Ayeeyo alikuwa ananingoja mlangoni. Nikamdanganya. "Kumi kwa kumi!"

"Mashallah. Na wamejua naimbia nani?"

"Si ngamia, ayeeyo?"

Akamtazama hooyo, aliyelala mkekani akiangalia ukuta, chai yake imeshika utando juu.

"Haya," akasema. "Ngamia."

Siku hizi nachambua hadithi, mashairi na filamu fupi kwenye simu. Sijasomea popote, na ukinibishia huko utajuta. Lakini wimbo ule mmoja ulinichukua miaka. Watu wetu hawamshiki mtu kidonda chake wakimtazama usoni. Wanamwambia ngamia, mwenyewe anasikia. Na kwetu pale, kwenye nyumba ya mabati katikati ya mji, hapakuwa na ngamia hata mmoja. Mimi mchambuzi sikushtuka.

Asubuhi moja, wimbo ukiwa katikati, hooyo aliinuka. Akachukua kibuyu mkononi mwa mama yake, akanywa, akanywa, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Ayeeyo hakuacha kuimba.

Nilidhani ana kiu tu.