Kumwona Mgonjwa kwa Mbali

Kazi yangu ni kuuliza habari za pua za watu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo mama yangu anavyowaeleza majirani zake kule Kuresoi: "Huyu wangu ameandikwa na kaunti ahesabu makamasi." Kisha anacheka mpaka anashika kifua. Na hajakosea sana. Kila Jumatatu naketi ofisini Nakuru na kupigia simu zahanati za kaunti nzima, niulize ni wangapi wamekuja na homa na kikohozi, na ni wangapi wamekubali kuingizwa kijiti puani ili maabara iangalie. Nikijua homa imefika wapi, nakisia inaelekea wapi, na zahanati ya mbele inajitayarisha.

Kwa kawaida homa yetu ina adabu, inafuata barabara. Tunaisikia kwanza Salgaa, madereva wa malori wanakolala, halafu Molo, kisha inapanda na ukungu wa Julai mpaka Kuresoi na Olenguruone. Lakini mwaka mmoja, si zamani, ilipofika Kuresoi iliacha barabara ikaingia mashambani. Shule zilikuwa shwari, soko shwari.

"Madam, hii ya safari hii inachagua," muuguzi wa zahanati akaniambia kwa simu. Kuresoi nzima inamwita daktari, naye amechoka kukataa. "Inashika wamama peke yao."

"Wamama gani?"

"Wenye wajukuu. Wamejaza benchi yangu yote, na wote wanajuana."

Wanajuana! Hapo nikaelewa, nikacheka peke yangu ofisini. Kwetu mtu akiugua haachwi. Wamama wa kikundi wanajikusanya, huyu na maziwa, yule na sukari, mwingine na unga, wanaenda kumwona mgonjwa. Na baridi ya kule si mchezo, kwa hivyo wanaingia jikoni penye moto na kufunga mlango. Wanafinyana hapo, wanakunywa chai, wanaimba, wanaomba, kila mmoja mkono wake juu ya mgonjwa. Wakitoka wanaacha maziwa na kuondoka na homa. Wiki inayofuata kuna mwingine wa kuonwa, nao hao wanaenda. Homa ilikuwa inatembezwa kwa upendo, boma hadi boma.

Halafu kicheko kikanikauka. Mama yangu ndiye anayewaanzishia nyimbo. Na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimepigiwa simu kwamba ameteleza kwenye matope akivuna viazi, mguu umefura, hawezi kuukanyagia. Mguu wenyewe haukunitisha. Kilichonitisha ni kwamba sasa yeye ni mgonjwa, na mgonjwa lazima aonwe. Mwaka uliotangulia nimonia ilimlaza hospitalini Molo na oksijeni puani, nami nikakaa kando ya kitanda nikisikiliza kifua chake kikikwaruza. Daktari alituambia kwa upole kwamba mapafu yale hayawezi kupigwa hivyo mara ya pili.

Basi nikampigia mwenyekiti wa kikundi. Alipokea simu akikohoa.

"Mama, nakuomba, msiende kwa mama yangu," nikamwambia. "Homa hii ni mbaya kwa kifua chake."

Akakohoa tena. "Haya. Kama ndivyo mmeamua huko kwenu."

Nikaomba ruhusa kazini, na kesho yake nikapanda Kuresoi na mkate na majani chai. Nilimkuta mama amefunga kitambaa chake kizuri cha kichwa, mguu juu ya stuli. Viti vilivyoazimwa kwa majirani vilikuwa vimepangwa ukutani, vikombe vimepanguswa, na chai ya jana imepoa kwenye thamosi.

"Wamama hawakuja jana," akasema kabla sijaweka mkoba chini. "Mimi nimewaona wote. Hakuna hata mmoja nimeruka. Nimekosea nani?"

"Hujakosea mtu. Ni mimi nimewakataza."

Ala! Mama yangu ni mdogo wa mwili, lakini hasira zake ni za watu watatu, na mimi nimezirithi zote.

"Wewe ndiye umenifungia mlango wangu? Mgeni njoo, mwenyeji apone, hiyo hukufundishwa huko chuo?"

Nikamwambia wageni hao wangemwua. Akaniambia kila mtu atakufa, lakini yeye hakubali kufa akiangalia viti vitupu. Nikapandisha sauti, akapandisha yake, paka akatoka nje. Mwishowe akageukia ukuta, na ugali niliompikia jioni hakuugusa. Kesho yake vivyo hivyo, alikunywa uji nusu kikombe akasema ameshiba. Hapo nikaogopa kweli. Nilikuwa nimemkinga na homa, na sasa alikuwa ananififilia mbele ya macho bila homa yoyote.

Nikampigia mwenyekiti tena, nikamweleza yote, kifua na Molo na daktari.

"Kumbe!" akasema, akakohoa, akacheka. "Sisi tulidhani mama yako hatutaki tena. Tumekaa hapa tukijiuliza tumemkosea nini."

Nikamwomba waje, lakini wasiingie. Wasimame ng'ambo ya ua, shamba la viazi likiwa katikati.

"Msichana wetu, unataka tumwangalie mama yako kama ng'ombe wa mnada?"

"Ndio, mama. Tafadhali."

Walikuja. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa, nao wakatokea humo na masweta, makoti ya waume zao na gambuti. Wakaweka maziwa na sukari langoni, wakajipanga nje ya ua. Mimi nikamketisha mama mlangoni na kumfunika blanketi. Halafu hakuna aliyejua la kufanya. Watu waliozoea kushikana mikono wamesimama mbali hivyo, wataanzia wapi?

"Mguu unaendeleaje?" mmoja akapaza sauti.

"Uko!" mama akajibu.

Wakabaki wakitazamana. Haki ya nani, nilitamani ardhi inimeze. Kumbe walikuwa wanamngoja yeye, maana nyimbo za kikundi hicho hazianzi bila mama yangu. Akasafisha koo, akaanzisha. Sauti yake ikavuka viazi, na wale wa ng'ambo wakaitikia, kikohozi hapa, kikohozi pale. Mimi nami, mazoea ya kazi, nikaanza kuhesabu wanaokohoa.

"Wacha kuhesabu watu," mama akaniambia bila kugeuka. "Imba."

Jioni alimaliza ugali wote akauliza kama kuna mboga zaidi. Nami nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, kwa furaha.

Jumatatu muuguzi akaniuliza, "Madam, ni nini hii umeleta huku? Wamama wanapigia wagonjwa kelele kutoka njiani." Lakini benchi yake, akasema, imeanza kuwa na nafasi.

Aliyeshikwa na homa mwishowe ni mimi, hapa hapa Nakuru. Wiki chache baadaye nilikuwa kitandani kwangu, ghorofa ya tatu, mifupa yote inaniuma. Nilimwambia mama kwa simu, kwa ukali, asijaribu kushuka. Akasema sawa. Alivyokubali upesi ningejua kuna jambo.

Siku moja, jua limeshapanda, nikamsikia mlinzi wa geti akiuliza, "Mathe, unatafuta nani?"

"Nimekuja kuona mgonjwa."

Nikajikokota mpaka dirishani. Alikuwa amesimama kwenye kamba za nguo na fimbo yake, mguu ungali umefungwa bendeji, gunia la viazi upande huu, mtungi wa maziwa upande ule. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa naye, amepona, amemshika kiwiko.

"Siji huko juu!" mama akapaza sauti. "Serikali imekataza!"

Majirani wakatoka kwenye veranda zao. Mimi nikamwambia arudi, nikamwambia ananiaibisha, lakini sauti ilikuwa imekwisha na hakusikia, au alijifanya. Akasafisha koo, akaanzisha ule wimbo.

Nikafungua dirisha lote. Pua imeziba, machozi yananitoka na sikuyapangusa, nikafanya nilichofanya kando ya kitanda kile cha Molo, nikasikiliza kifua chake. Ghorofa tatu, na kila neno lilinifikia likiwa zima, bila kukwaruza hata kidogo. Alipomaliza ubeti akainua uso, akaningoja. Nikaitikia kwa sauti mbovu kabisa, na mlinzi wa geti akanisaidia.