Beberu Niliyemnunua kwa Bumu

Jamani, hii aibu niliapa kuizika, lakini kwa kuwa kule kwetu Nkoma hata watoto wanaijua, bora muisikie kwangu kabla hawajaiongezea chumvi.

Nilikuwa nasoma stashahada ya mifugo kwenye chuo kimoja pale Bariadi, kwa mkopo wa wanafunzi. Siku bumu lilipoingia (ndivyo tulivyoziita hela za mkopo, maana zilitua kwa kishindo na kuondoka kwa kishindo), mama akapiga simu. "Mwanangu, nasikia serikali inawalipa huko chuoni, kweli?" Nikaona kuanza kumweleza habari za mkopo ni kazi ndefu, na chipsi zangu zinapoa, nikajibu tu, "Ndiyo mayu, wameshaweka."

Jumapili nikaenda nyumbani na suti mpya (ya bumu) na viatu vilivyochongoka mbele (vya bumu), na ada ya muhula bado iko kwenye simu, maana nilipanga kuilipa kesho yake. "Mwangaluka, bosi!" wakanisalimia watu ambao siku zote waliniita Maduhu. Sikuwasahihisha.

Kanisani kulikuwa na mnada wa mavuno. Yakauzwa mahindi, maboga na kuku, kisha akaletwa beberu mmoja mweusi, na Mzee Sayi, mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi, akaninyooshea kidole: "Huyu ni wa msomi wetu anayelipwa na serikali!" Nikasema elfu hamsini. Mnunuzi mmoja wa pamba akasema sitini, nikasema themanini, akanyamaza. Mtu mwenye akili angekaa hapo. Lakini Mzee Sayi akauliza, "Nani zaidi?", akina mama wakapiga vigelegele, nami kwa utamu wa zile sauti nikasema laki moja, yaani nikajipandishia dau mwenyewe, halafu laki na nusu, na hakuna aliyekuwa anashindana nami isipokuwa suti yangu. Nikalipa kwa simu papo hapo.

Ningetoka salama kama mama asingesimama. Akashika kipaza sauti, akamshukuru Mungu kwa mshahara wa mwanawe, kisha akaahidi kwamba mwezi ujao nitatoa mabati ya kanisa zima! Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Nikakimbilia mbele kumnong'oneza, nikasahau kwamba kipaza sauti kiko mbele ya midomo yetu wote wawili: "Mayu, siyo mshahara, ni mkopo! Huyu mbuzi ni ada!"

Kule nyuma baba akasimama.

"Mkopo? Umeweka rehani nini?"

"Hakuna kitu, baba."

"Nani anakopesha mtu asiye na kitu? Ng'ombe zangu!"

Akatoka mbio kwenda nyumbani, akiamini wenye mkopo wameshafika zizini, nusu ya waumini wakamfuata, na mimi nyuma yao nakokota beberu kwa viatu vilivyochongoka.

Ng'ombe walikuwepo wote. Pale zizini, mbele ya kanisa lililohamia kwetu, nikaeleza kwamba nitakatwa kwenye mshahara nikiajiriwa.

"Umeajiriwa wapi?" baba akauliza, bado anahema.

"Bado, baba."

"Kwa hiyo umekula mshahara wa kazi ambayo huna."

Hapo beberu naye akaniponyoka, akaenda moja kwa moja kwenye banda la mbuzi, akapenya mlango na kujilaza pembeni kama mtu aliyerudi safari. Baba akamtazama, kisha akanitazama mimi, msomi wa mifugo.

"Huyo ni wetu," akasema. "Mama yako ndiye kamtoa sadaka leo asubuhi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Watu walicheka mpaka Mzee Sayi akashikilia nguzo ya zizi, ila hela hakurudisha, akasema ya Mungu ikishaingia imeingia. Ada baba aliifidia kwa kuuza ndama, bila neno hata moja, na ule ukimya uliniuma kuliko kicheko cha kanisa zima.

Sasa nimeajiriwa, na kila mwezi nakatwa mkopo kabla sijaugusa mshahara. Wala silalamiki, nilikula mwenyewe. Ila mnada wowote ukianza, wa kanisa au wa ng'ombe, mimi naweka mikono mfukoni, na hata inzi akinitua puani namwacha apumzike.